Abiria wa Bi Mkubwa

Sponji mpya haibonyei kabla haijakaliwa. Sindano alilijua hilo, maana kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari, na jina lenyewe alipewa na mafundi wenzake kwa ukali wa mdomo wake. Lakini asubuhi ile, siti ya nyuma aliyoimaliza jana yake ilikuwa imebonyea upande mmoja, shimo la mtu mzima, na hakuna aliyeigusa.

"Paka huyo," alijisemea. Paka gani wa uzito ule, hakutaka kujiuliza.

Gari lilikuwa la baba yake zamani. Marehemu mama aliliita Bi Mkubwa, akidai yeye mwenyewe kaolewa mke wa pili. Baba aliliuza ghafla Sindano akiwa bado msichana, na tangu hapo hakushika tena usukani wa gari lolote. Watu wa nyumbani walidhani ni ukata. Sasa mzee alikuwa amepooza, ulimi hautoi neno, mkono mmoja tu ndio uliobaki na uhai kidogo, na binti yake alikuwa na hamu moja: amwone baba ndani ya Bi Mkubwa kabla hajafumba macho.

Alilisaka. Mwalimu mstaafu aliyelinunua alikuwa amelisukumia kwa mwoka mikate, naye mwoka mikate akalisukumia kwa mchomeleaji mageti. Kila aliyeulizwa kwa nini hakudumu nalo alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli. Mchomeleaji alikuwa amelifunika turubai nyuma ya karakana yake.

"Chukua, dada yangu, sitaki hata asante," alisema. "Ila siti ya nyuma niliing'oa. Usije ukairudisha."

"Gari bila siti ya nyuma ni toroli, kaka."

"Basi endesha toroli."

Mtu mwingine angeridhika. Lakini fundi na ufundi wake! Sindano alibembeleza, akanuna, akaondoka, akarudi, mpaka akaonyeshwa siti imetupwa kwenye vyuma chakavu, imezungushiwa waya. Akaukata waya. Akaivisha sponji mpya na ngozi mpya, akaifunga mahali pake, akajipongeza mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na wa kumpongeza.

Baba alipotolewa uani kulitazama gari, machozi yalimtiririka. Majirani walisema ni furaha, na Sindano naye akalia kwa furaha. Hakuna aliyeuangalia ule mkono mmoja uliokuwa ukisukuma hewa, kama mtu anayesema toa, toa.

Kisha ikaanza harufu, harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, ndani ya gari lililopandishwa vioo. Ikafuata sauti. Mchana kweupe springi zililia: mtu anakaa, anajisogeza, anatulia. Siku moja Sindano alimkuta binti yake mdogo, waliyemwita Chiriku kwa kupenda kuongea, ameketi ndani anapiga soga.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na Bibi. Anasema nisogee, nafasi ipo."

Akamtoa mbio. Alipoitazama siti, aliona kando ya shimo kubwa pameanza shimo la pili, dogo, na mikono yake iliyopima makalio ya watu miaka yote hiyo ikajua ni la nani kabla akili yake haijakubali.

Aliing'oa siti saa ile ile, akaichoma moto nyuma ya nyumba, akasimama pale mpaka zikabaki springi tupu, akarudi ndani akidhani yamekwisha, na alipofungua mlango wa sebuleni akapokewa na harufu ile ile ya udongo, na kochi alilolishona mwenyewe limebonyea mara mbili, pakubwa na padogo, na Chiriku yuko mbele yake anainua mguu ili apande, uso umetulia kabisa, na alipomshika mtoto akamkuta wa baridi toka kisigino mpaka utosini.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mnene, mpole, asiyependa makeke. Alifukiza, akasoma, akamwekea Chiriku kiganja kichwani. Mdomo wa mtoto ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mzee.

"Wewe nani?" mganga aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Abiria."

"Nani alikupakia?"

Kidole cha Chiriku kilinyooka kumwelekea babu yake kwenye kiti cha magurudumu. "Nilimsimamisha penye makaburi. Akasema, panda, mama, nitakufikisha. Aliponiona kwenye kioo akaruka nje, akaniacha. Sijafika mpaka leo."

"Utamwachia mtoto?"

"Dereva anifikishe. Akishindwa, huyu mdogo atanisindikiza. Njia ni ndefu, nami sipendi kwenda peke yangu."

Mganga akamgeukia Sindano. "Mwanangu, huyu hafukuziki. Aliahidiwa, na ahadi ni deni."

"Baba hawezi kushika hata kijiko!" Sindano alinong'ona.

Mzee alimtazama mjukuu wake, akamtazama binti yake, kisha akafungua kiganja cha ule mkono mzima. Alikuwa anaomba ufunguo.

"Baba, hapana. Mimi ndiye niliyemleta."

Kiganja kilibaki wazi. Chiriku alianza kuhema kwa shida, midomo imekuwa ya kijivu.

Sindano alimbeba baba yake, mwepesi kuliko alivyodhani, na kila hatua alijichukia, akamweka nyuma ya usukani na kumfungia mlango, na wakati anauweka ufunguo katika ule mkono alisikia nyuma, pale palipobaki bati tupu, springi zikilia, mtu akikaa na kutulia, na vidole vya baba vikaukaza ufunguo, na mguu uliokufa zamani ukakanyaga mafuta. Mzee alinyooka. Alitoa gari getini polepole, bila kuyumba, wala hakugeuka nyuma. Si yeye wala gari, hakuna kilichoonekana tena.

Joto lilimrudia Chiriku, akaanza kulia, akalia kutwa nzima. Sindano alimkumbatia, naye macho yamevimba.

"Nyamaza, mama. Babu amekwenda kupumzika."

"Simlilii Babu," mtoto alisema, akijinasua mikononi mwake. "Mbona Bibi ameniacha?"