Kiroba cha Udongo

Kila Jumamosi Aikande alifagia uwanja, akawapa kuku pumba, kisha akaosha vyombo huku akinung'unika. Jumamosi hiyo alimaliza yote mapema bila kunung'unika, mpaka mama yake akamuuliza kama anaumwa.

Hakuwa anaumwa. Klabu ya mazingira ya shule ilimtuma alete filamu fupi ya jinsi ukungu unavyopanda kutoka msitu wa mlimani Ngorongoro, ili wazazi waione Jumatatu. Mjomba wake Philbert, dereva wa watalii hapo Karatu, alikuwa mapumzikoni, akakubali kumwazima simu yake na stendi ya miguu mitatu.

Nyuma ya nyumba, kando ya shamba la maharage, Mjomba aliifupisha miguu ya stendi na kuichomeka ardhini. Kisha akaning'iniza katikati yake kiroba cha udongo, kitako kikigusa chini ili kisibembee.

"Simu itapiga picha moja moja mpaka ukungu uishe," alisema. "Baadaye tutaziunganisha zikimbie. Ikitikisika kidogo tu, mlima mzima utacheza. Usiiguse."

"Mjomba, hicho kiroba kinatia aibu. Watalii hawana viroba."

"Watalii wananiomba mimi niwashikie kamera. Usiiguse, nimesema." Akaenda kuosha gari.

Punde akapita Sebastian, aliyesoma naye darasa moja, akimswaga punda wa maji.

"We Aikande! Unapiga picha au unauza udongo?"

Akaenda zake bombani akicheka. Aikande akaona uso unamwaka moto. Akakitoa kiroba, akairefusha miguu ya stendi mpaka usawa wa kidevu chake. Sasa ilifanana na kamera ya watalii. Haukupita muda, upepo ukaanza kuvuma.

Mchana Mjomba aliunganisha picha. Ukungu ulianza vizuri, kitu cheusi kikapita upesi, halafu mlima ukatetemeka kama mtu mwenye malaria.

"Nani ameigusa?"

"Punda wa Sebastian," Aikande alijibu haraka. "Alijikuna kwenye stendi."

Mjomba akamngoja Sebastian njiani. "Kesho tunapiga upya, huyo punda asipite hapa. Zunguka kule juu."

"Anko, punda wangu hakusogea hapo hata kidogo!"

"Zunguka."

Njia ya juu ni kilima kikali, na punda alibeba madumu manne. Sebastian akamtazama Aikande. Aikande akatazama ndala zake.

Jioni Mjomba alimpa simu afute picha mbaya. Alizipitia moja baada ya nyingine. Hivi hapa vidole vyake. Hii hapa pua yake, kubwa kama kiazi. Na katika picha zilizotikisika, mbali kule bombani, alionekana Sebastian na punda wake. Angefuta chache tu, nani angejua? Kidole kikasimama juu ya simu. Akilini akamwona Sebastian akimsukuma punda kilimani. Akainuka.

"Mjomba, punda hana kosa. Ni mimi."

Mjomba akaitazama ile picha ya pua. "Umeniambia mimi. Sasa kamwambie mwenye punda."

Alimkuta Sebastian akifungua madumu mgongoni mwa punda. "Nilimsingizia punda wako. Nisamehe."

"Ulimsingizia punda, mwombe punda."

Aikande akamgeukia punda, akamwomba msamaha kwa sauti. Sebastian alicheka mpaka akakaa chini.

Alfajiri ya Jumapili Sebastian mwenyewe ndiye aliyeshindilia udongo kirobani. Upepo ulikuja, ukachezea majani ya maharage, lakini stendi haikutikisika. Aikande aliikalia mikono yake mpaka ukungu ulipoisha.

Jumatatu wazazi waliona ukungu ukipanda kama maziwa yanayochemka, na mlima umetulia tuli. Chini kabisa ya picha punda alivuka haraka haraka na madumu yake, ukumbi mzima ukapiga makofi.

Wakiwa njiani kurudi, Mjomba alisema, "Jumamosi ulikitoa kiroba kwa kuogopa kuchekwa. Ukadanganya kwa kuogopa kugombezwa. Mara zote mbili ni woga uliokuyumbisha, si upepo. Ulipoamua kusema kweli ndipo ulipotulia, na kazi yako ikatulia. Fanya hivyo siku zote, hata wakikucheka."

"Nimesikia, Mjomba."

"Haya, nenda ukamwage ule udongo. Kiroba ni cha mama yako, ameshaanza kukitafuta."