Mchoro Chini ya Mchoro

Mwatumu alikuwa karani wa kikundi cha akina mama wanaolima mwani pale Ushongo. Kila Jumatano alivuka pantoni kwenda Pangani mjini, kwenye chumba chenye umeme na kompyuta kuukuu. Ni mambo ya enzi za ruksa hayo, biashara ilipofunguliwa na vitu vikaanza kuingia.

Aliingiza kilo za mwani mkavu wa wiki ile, kisha akabonyeza kitufe. Kitufe kiliamsha makro, yaani maagizo yaliyoandikwa mara moja ili kompyuta iyafuate yenyewe. Makro ilichora mistari miwili ya wiki nane za mwisho: mmoja wa shamba la Mwambani, mmoja wa Kichangani.

Lakini siku zile mchoro ulifanana na wavu uliotatizana. Mwenyekiti, Bi Shadya, aliona kwenye karatasi iliyochapwa mstari wa Kichangani umeporomoka. Akasema shamba lile limekufa, Ijumaa maji yakitoka waende wakang'oe vigingi vinavyofungiwa kamba za mwani.

Kichangani alilima Bi Semeni, shangazi yake Mwatumu. Mama huyo hakulala. Alhamisi alimchukua mpwa wake, wakavuka tena mpaka Pangani.

"Mwani wangu umejaa jamvi zima la kuanikia," alisema. "Karatasi yako inanizika ningali hai."

Kwa bahati, fundi Ernesti wa Muheza alikuwa amekuja kusafisha mashine. Akamwamkia mama shikamoo, akaketi, akaukamata ule mchoro kwenye kioo cha kompyuta, akauvuta kando. Chini yake palikuwa na mchoro mwingine. Akavuta na huo. Chini tena, mwingine. Wakahesabu saba.

Mwatumu aliona haya. Alikumbuka kuwa aliuondoa weupe wa nyuma ya mchoro akidhani anabana wino. Kumbe ya chini yote ikaonekana! Ule mstari uliozama ulikuwa wa wakati wa masika, mvua ilipouharibu mwani.

"Makro yako inachora tu," Ernesti alimwambia. "Haiulizi kama mchoro upo."

Bi Semeni akacheka. "Makro huyo mjinga kweli. Sisi hatupigi kigingi kipya kabla ya kupapasa mchangani kwa mguu, kama cha zamani kipo."

"Basi tuifundishe kupapasa, mama."

Ernesti akafuta michoro sita, akaacha wa juu. Akaupa jina: Mavuno. Kisha akaongeza maagizo. Aliandika ChartObjects, ndivyo kompyuta inavyoiita michoro iliyobandikwa kwenye ukurasa, na Count, yaani ihesabu ipo mingapi. Mwatumu akauliza kama hesabu haitoshi.

"Haitoshi. Kesho utachora wa mvua, utakuta mmoja, udhani ni wa mavuno. Pitia mmoja mmoja, tazama jina. Ukimkuta Mavuno, mpe kilo mpya. Usipomkuta, ndipo uchore, na umpe jina hapo hapo."

Mwatumu aliandika yote kwenye daftari kwa mkono wake. Kisha akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena, na mara ya tatu, akauvuta mchoro kando. Chini yake palikuwa peupe.

Mistari ilikuwa miwili tu. Wa Kichangani ulikuwa unapanda, wiki hadi wiki.

Jioni ile Bi Shadya aliipokea karatasi mpya. Akauliza ile ya jana ilikuwa nini. Mwatumu hakujitetea. Alieleza kosa lake lote, hata habari ya wino. Mwenyekiti akasema kung'oa hakuna tena.

Ijumaa maji yalitoka mbali. Akina mama waliteremka Kichangani, wamebeba kamba zenye mbegu badala ya vyuma vya kung'olea. Bi Semeni alitangulia, nyundo mkononi, akipapasa mchangani kwa mguu. Akasimama.

"Kipo," alisema, akainama kufunga kamba.