Pasi Juu ya Blenda

Nyuma ya gereji kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili. Humo aliishi fundi cherehani, mume wake na mama mkwe wake. Kila asubuhi mume alibeba brashi na ndoo, akaenda kupaka rangi nyumba za watu. Fundi alikaa dirishani kushona sare za shule. Mama mkwe alikaa mlangoni kusalimia wapita njia. Asiyeitikia alisalimiwa tena, kwa sauti ya juu zaidi.

Siku moja mama aliteleza bafuni, akavunjika taya. Hospitalini daktari alifunga meno yake ya juu na ya chini pamoja kwa waya, ili mfupa uunge.

"Hatatafuna chochote mpaka waya utolewe," muuguzi alimweleza fundi. "Chakula chake kisagwe mpaka kiwe laini kabisa, anywe kwa mrija. Na asipungue mwili. Akizidi kupungua, tutamlaza na kumlisha kwa mpira wa puani."

Kisha alimpa koleo ndogo. "Akipaliwa ashindwe kupumua, kata waya huu na huu, kisha mlete mbio."

Mama alisikia yote. Njia nzima alimshika fundi mkono. "Mwanangu, usiniache nitiwe mpira," alisema kupitia meno yaliyofungwa. "Mdogo wangu alitiwa. Hakurudi nyumbani."

"Hutatiwa, mama. Mungu yupo, na mimi nipo."

Mume alinunua blenda. Fundi hakuwahi kutumia blenda maishani mwake. Alichemsha maharagwe, akayamimina yakiwa bado yanatokota. Alijaza jagi mpaka juu, akabana kifuniko, akabonyeza kitufe.

Kifuniko kiliruka. Supu ya moto ilipiga dari, ikashuka kwenye mkono wake. Fundi alipiga kelele, akakimbilia bomba na kuweka mkono chini ya maji baridi. Ngozi ilikuwa imeanza kutoa malengelenge.

Kesho yake alirudi jikoni akiwa na pasi yake ya mkaa. Haikuwa na mkaa ndani, lakini ilikuwa nzito. Aliiweka juu ya kifuniko cha blenda.

"Leo hutoki," alikiambia kifuniko.

Blenda ilitetemeka. Mvuke ulifyatuka pembeni. Fundi aliogopa, akazima kabla chakula hakijasagika vizuri. Akakimimina kikombeni hivyohivyo.

Mama alivuta mrija mara mbili. Halafu alianza kukohoa. Macho yalimtoka. Alishika koo, akajaribu kufungua mdomo, lakini waya ulikataa. Fundi alimwinamisha mbele. Mkono mmoja ulimshika mama kifua, mwingine ulishika koleo. Mate na chakula vilifunika meno hata hakuweza kuuona waya vizuri.

"Ee Mungu, ee Mungu, usimchukue mikononi mwangu!"

Mama alikohoa tena kwa nguvu. Ganda la haragwe lilitokea katikati ya meno. Akavuta pumzi. Wote wawili walikaa sakafuni wakilia.

Tangu hapo fundi alimpa mama chai, uji mwepesi na maji ya maharagwe yaliyochujwa. Vitu hivyo havikuruka na havikupalia. Lakini mama alizidi kunyamaza. Hakukaa tena mlangoni.

Asubuhi moja fundi alitaka kulipunguza gauni la mama, kwa kuwa lilikuwa linamwanguka mabegani. Alizungusha utepe wa kupimia kiunoni. Akazungusha tena, akidhani amekosea. Mkono wa fundi haudanganywi na kiuno cha mtu. Mama alikuwa anakwisha.

"Umepata ngapi?" mama aliuliza.

"Utepe umechakaa, mama. Unanichanganya."

Kesho ilikuwa siku ya kwenda kliniki kupimwa. Fundi aliingia jikoni, akapiga magoti kando ya meza na kuomba. Kisha alimimina maharagwe ya moto kwenye jagi, akaweka kifuniko, akaweka pasi. Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe mlango ulipofunguliwa.

"Hodi! Nimefuata sketi ya... Acha! Toa mkono hapo!"

Alikuwa jirani wa mbele, mpishi wa jiko la hospitali. Mtaa mzima ulimwita Mama Mwiko.

"Fundi, unapiga pasi maharagwe?"

"Nazuia kifuniko kisiruke, dada. Kilishaniunguza." Fundi alionyesha mkono.

Mama Mwiko aliacha utani. Alichomoa waya wa umeme kwanza, ndipo akaondoa pasi. "Mungu amekuokoa, shoga yangu. Chakula cha moto kikizungushwa hutoa mvuke mwingi kwa ghafla. Usipouachia pa kutokea, unarusha kila kitu. Safari hii ungerusha na pasi, na uso wako uko hapo juu."

Fundi aliketi. "Basi niichukue nikaitupe. Naiogopa hii mashine."

"Na mama ale nini?"

Fundi alianza kulia. Alimweleza Mama Mwiko habari za ganda, uji mwepesi na utepe. "Kesho anapimwa. Nilimwahidi hatatiwa mpira."

"Mpira hauui mtu, fundi. Umeokoa wengi niliowapikia. Lakini siwezi kukudanganya, kesho ni karibu, na mwili haurudi kwa siku moja. Tuanze leo. Inuka. Utafanya wewe, mimi nitasema."

Walirudisha maharagwe kwenye sufuria, wakachemsha viazi na karoti, wakaacha vyote vipoe. Mama Mwiko alikataa kuharakishwa. "Shika sufuria kwa kiganja. Ukiweza kuishika bila kuruka, tunaanza. Tangulize mchuzi, ndipo visu vizunguke vizuri. Kisha maharagwe, kisha viazi na karoti zilizoiva. Basi! Unajaza pipa? Chakula chenye joto kisipite nusu ya jagi."

Katikati ya kifuniko kulikuwa na kizibo kidogo. Fundi hakujua kuwa kinatoka.

"Kitoe. Hapo ndipo mvuke utapita. Funika tundu kwa kitambaa safi kilichokunjwa, shikilia kwa mkono, usikandamize. Haya, anza na mwendo wa chini."

"Dada, siwezi."

"Omba, halafu bonyeza."

Fundi aliomba, akabonyeza. Blenda ilinguruma. Moyo wake ulinguruma zaidi. Chakula kilipanda kidogo, kikashuka, kikazunguka. Hakuna kilichoruka. Aliongeza mwendo, akasubiri, akazima ili mashine ipumue, akawasha tena.

"Sasa nitie kijiko nione?"

"Chomoa waya wa umeme kwanza! Hata kama umezima. Visu havimjui mtu."

Chakula kilikuwa laini kama maziwa mazito. Hata hivyo Mama Mwiko alidai chujio, na fundi akakipitisha kwa mgongo wa kijiko. Makombo na maganda machache yalibaki juu.

"Hayo ndiyo yaliyompalia," alisema Mama Mwiko. "Na kikiwa kizito, usikimbilie maji. Maji yanajaza tumbo tu. Ongeza maziwa, au siagi ya karanga, au kijiko cha mafuta. Mgonjwa anakunywa kidogo, basi kila funda liwe na nguvu."

Fundi alipeleka kikombe chumbani. Koleo ilikuwa mfukoni mwake. Mama alitazama kikombe, akamtazama fundi.

"Kuna ganda?"

"Nimechuja, mama."

Mama alivuta kidogo. Fundi aliishika koleo mfukoni. Mama alimeza, akavuta tena. Kikombe kikaisha.

Kliniki kesho yake mizani ilisema kweli. Mama alikuwa amepungua sana. Muuguzi alikunja uso. "Nawapa wiki moja tu. Asipoongezeka, tunamlaza."

Wiki hiyo cherehani ilikaa kimya mara nyingi. Fundi alisaga kidogokidogo, mara sita kwa siku: viazi na nyama iliyochemshwa mpaka ikalainika, parachichi na maziwa, uji uliotiwa siagi ya karanga. Kila alipomaliza alitia maji na tone la sabuni kwenye jagi, akazungusha, akasuuza kabla chakula hakijakauka chini ya visu. Mume alijifunza pia, na hakuruhusiwa kuwasha kabla ya kuonyesha kizibo mkononi.

Siku ya kurudi kliniki, mama alipanda mizani akiwa ameshika bega la fundi.

"Achia bega, mama," alisema muuguzi, "tusije tukampima na yeye."

Fundi alifumba macho. Midomo yake ilitembea bila sauti.

"Ameongezeka," alisema muuguzi. "Si sana, lakini ameongezeka. Mrudishe nyumbani. Endelea hivyohivyo."

Fundi alifungua macho. Mama alikuwa ameshashuka, anatafuta viatu vyake.

"Twende," alisema kupitia meno. "Nina njaa."