Simu Moja, Watoto Sita

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake na kuzianika, Chapuchapu alikwenda kituo cha afya kumsaidia shangazi yake. Jina hilo la utani alipewa nyumbani kwa sababu ya kasi yake. Alikula chapuchapu, akaoga chapuchapu, akafagia ua chapuchapu hata kuku wakampisha njia. Methali ya haraka na baraka alikuwa ameambiwa mara nyingi mno, ikawa inaingia sikio hili na kutokea lile.

Shangazi yake alikuwa muuguzi wa macho. Chumba chake kilikuwa kidogo: ukutani chati ya herufi kubwa na ndogo, pembeni kiti cha wagonjwa, na mezani kompyuta ambayo vibonye vyake vilikuwa vimefutika herufi kwa kuguswaguswa. Siku hiyo Shangazi alimpokea kwa kitendawili, kama kawaida yake.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Chungu kimoja, wapishi watatu, na kila mpishi yuko kwake."

Chapuchapu hakuwa na subira ya kuwaza. "Uchawi!"

"Umekosa. Nipe mji."

"Chukua wowote, Shangazi, mimi nataka jibu."

Shangazi akacheka. "Haya, nimeuchukua, nimekula humo nikashiba. Jibu ni hili." Akageuza kioo cha kompyuta. "Hili ni jedwali letu. Halikai ndani ya mashine hii. Linakaa kwenye ghala la mtandaoni ambalo wenyewe huliita wingu. Mwalimu mkuu ameleta orodha yake akiwa kulekule shuleni, ofisi ya mtaa imeleta yake, na mimi nimetia ya kituo. Zote tatu zimeingia humu."

Orodha hizo zilikuwa za watoto waliopimwa macho wakaonekana wanahitaji miwani. Fundi wa miwani alipita mara moja tu kwa mwaka, naye alitaka orodha moja iliyokamilika kabla ya saa kumi alasiri siku hiyo. Mtoto ambaye hakuandikwa angesubiri mwaka mzima.

"Kuna mistari mia moja tisini na mitano," Shangazi akasema. "Lakini watoto si wengi hivyo, maana wengine walipimwa shuleni kisha wakaja na hapa. Pitia mmoja mmoja. Ukiona mtoto yuleyule kaandikwa mara mbili, mbakize mara moja. Ukiwa na shaka, piga simu iliyoandikwa mbele ya jina, uulize. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

Shangazi akaenda chumba cha pili kuwahudumia wagonjwa. Chapuchapu alianza vizuri, lakini mistari ishirini tu ilimchosha. Shule iliandika jina la mtoto kwanza, ofisi ya mtaa ikaanza na la baba, kituo kikaandika lile analoitwa nyumbani. Ndipo akagundua jambo: kila alipokuwa mtoto yuleyule, namba ya simu ilikuwa ileile. Akatabasamu. Ya nini kujisumbua na majina? Akaiamuru kompyuta ibakize mstari mmoja tu kwa kila namba. Kufumba na kufumbua, mistari yote ile ikawa mia moja ishirini na mmoja.

Shangazi aliporudi kuchukua dawa, alishangaa. "Umemaliza? Umepitia mmoja mmoja?"

"Ndiyo, Shangazi," Chapuchapu akajibu, huku macho yake yakitazama dirishani.

"Hongera. Nikimaliza wagonjwa nitaituma. Nenda kacheze kidogo."

Chapuchapu akaenda kwa rafiki yake Twiga. Darasani walikaa dawati moja. Twiga aliitwa hivyo kwa kuwa alinyoosha shingo kutazama ubao, hata mwalimu alimtania kwamba siku moja pua yake itafika kwenye chaki bila yeye kuinuka. Aliishi na mama yake mdogo, mshonaji wa nguo, katika ua wenye vyumba vingi. Cherehani ilikuwa barazani, na Twiga alikuwa akiokota vipande vya vitambaa.

"Karibu, mwenda mbio!" mshonaji akasema. "Leo umefika au unapita?"

"Nimefika, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Simu iliyokuwa juu ya cherehani ikalia. Mshonaji akaipokea, akasikiliza, kisha akapaza sauti, "Fundi baiskeli! Mteja wako huyu!" Mwanamume akatoka chumba cha mwisho akijifuta grisi, akazungumza, akairudisha. Haijapoa, ikalia tena. Safari hii alikuwa mama yake Twiga, aliyefanya kazi mbali.

"Ndiyo, mama, nimeshapimwa," Twiga akasema kwa furaha. "Fundi akija napata miwani. Nitaona ubao nikiwa nimekaa kama watu!"

Mshonaji akatikisa kichwa. "Simu hii imekuwa kisima. Kila mtu na ndoo yake. Mimi mwenyewe nikitaka kuchota, napanga foleni."

Chapuchapu alicheka, kisha kicheko kikamkatika. "Twiga, ulipopimwa macho, uliandikisha simu ya nani?"

"Hiihii. Watoto sita wa ua huu tulipimwa, na sote tuliandikisha hii. Kwani kuna ubaya?"

Chapuchapu akakumbuka alivyoiamuru kompyuta. Namba moja, mstari mmoja. Basi katika watoto sita wa ua huu, watano walikuwa wamefutwa. Akatoka mbio.

"We!" Twiga akamfuata. "Hata kuaga hakuna?"

Kituoni, Shangazi alikuwa bado na wagonjwa. Chapuchapu akafungua jedwali, akatafuta. Jina la Twiga halikuwamo. Kidole kikamwasha. Angeweza kumrudisha Twiga na wale wenzake wanne kimyakimya, na nani angejua? Lakini ni nyua ngapi nyingine zilizokuwa na kisima kimoja? Aliitazama ile mistari, isimwambie kitu. Aliyefutwa haachi alama.

Twiga akaingia akihema. "Mbona unalia?"

"Nimekufuta."

"Umenifuta wapi?" Twiga akajitazama mikono.

 Chapuchapu alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa pili, akabisha. "Shangazi, sikupitia mmoja mmoja. Nilikudanganya." Akaeleza yote bila kupunguza.

Shangazi aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na nusu. Hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Chapuchapu zaidi. "La kunidanganya tutalizungumza," akasema. "Kwanza tuokoe kazi. Chungu cha pamoja kimeungua, lakini kila mpishi bado ana unga wake kwake. Tutaomba tena orodha zote tatu, tuanze upya."

Wakaanza. Chapuchapu alisoma majina kwa sauti, Shangazi akapiga simu penye shaka, na Twiga, ambaye hakuona vizuri kilichoandikwa, alisikiliza.

"Hao si mtu mmoja," Twiga akasema mara. "Ni ndugu. Mkubwa yuko darasa la saba, mdogo bado anang'oka meno."

Babu mmoja alipopokea simu alisema kwake kuna wajukuu wanne, wenye macho mabovu ni wawili, na yeye ni wa tatu kama nafasi ipo. Wote watatu wakacheka, kisha wakaendelea. Saa kumi kasoro dakika tano walifika mstari wa mwisho. Watoto walikuwa mia moja arobaini na wanane.

Chapuchapu akatoa hesabu kichwani: mia moja arobaini na wanane, toa wale mia moja ishirini na mmoja aliokuwa amewabakiza. Watoto ishirini na saba. Shangazi akaituma orodha.

Baada ya wiki tatu fundi alikuja na maboksi yake. Twiga alivaa miwani, akasoma chati mpaka mstari wa chini, kisha akamgeukia rafiki yake. "Kumbe una madoadoa puani! Miaka yote hii hukuniambia?" Chumba kizima kikaangua kicheko.

Watoto walipotawanyika, Shangazi akamkalisha Chapuchapu kwenye kiti cha wagonjwa.

"Mwanangu, mashine ilitii ulivyoiamuru. Haijui kwamba kuna ua ambao simu ni ya wote. Wewe unajua, kwa sababu unaishi na watu. Ndiyo maana kazi ile nilikupa wewe, sikuiachia mashine peke yake. Kosa lako la hesabu tulilirekebisha kwa saa moja na nusu. Lakini lile neno 'ndiyo' ulilonijibu, kama ungelinyamazia, lingewaacha watoto ishirini na saba wakikodolea ubao mwaka mzima, nami nikijisifu kwamba kazi imekwisha. Kukosea kila mtu hukosea. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo na wenzako wakiwa bado wanaweza kukusaidia."