Ukoko Mweupe Ndani ya Birika

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nakhisa alikinga maji kwenye mfereji wa uani, akajaza birika kubwa la umeme na kuliwasha. Mama yake, Nabwire, aliuza chai na mandazi pale senta ya Kyebando, na waendesha bodaboda walitaka chai ya moto kabla ya kuanza kazi. Nakhisa alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliipenda kuliko mandazi yenyewe, jambo ambalo si dogo.

Wapangaji wote waliuringia mfereji ule. Mwenye nyumba alikuwa amechimba kisima kirefu na kuweka tangi, na tangu hapo maji hayakukatika hata siku moja.

Lakini birika lilianza kuchelewa kuchemka. Chai iliyokuwa tayari saa kumi na mbili sasa ilingojewa hadi saa moja kasoro. "Nyabo, mama yetu, chai bado tu?" wateja waliuliza, kisha wakawasha pikipiki zao na kwenda kwa jirani. Jumatatu moja birika likanuka moshi, likazimika kabisa.

Nabwire alilibeba hadi Old Kampala kwa fundi Mama Kaltumi. Mama huyu alirithi ufundi kwa baba yake, na sifa zake zilifika mbali. Alichungulia ndani ya birika, akatikisa kichwa.

"Hii birika iliwashwa bila maji," alisema. "Koili ya kuchemshia imeungua."

Akafunga koili mpya, na ile mbovu akamkabidhi Nabwire. Alipofika nyumbani, Nabwire alimwita binti yake.

"Nakhisa, uliwasha birika kavu?"

"Hapana, Mama."

"Mama Kaltumi hawezi kukosea. Sema kweli, nitakusamehe."

"Sikuliwasha kavu, Mama. Kweli tupu."

"Basi hutaligusa tena mpaka useme ukweli."

Baba yake, Makokha, hakupenda kelele ndani ya nyumba. Alimfuata Nakhisa mlangoni akamnong'oneza, "Kubali tu yaishe, mwanangu. Mama yako hatakuchapa."

Hapo ndipo ninapomvulia kofia mtoto huyu. Wengi wetu tungekubali, tukala chakula chetu cha jioni kwa amani. Nakhisa alilia, tena sana, lakini alijibu, "Baba, nikikubali nitakuwa nimemdanganya Mama."

Kesho yake Nakhisa aliiokota ile koili mbovu, akaikwangua kwa ukucha. Ukoko mweupe, mgumu kama chaki, ulibanduka vipande vipande. Umetoka wapi, na birika halijawahi kutiwa kitu ila maji?

Jumamosi alitafuta makopo mawili yanayofanana, akayasugua vizuri. Moja alilitia kikombe cha maji ya mfereji, jingine kikombe cha maji ya mvua kutoka kwenye pipa. Aliyachemsha kwenye sigiri mpaka yakakauka. Kopo la maji ya mvua lilibaki safi, lakini lile la mfereji lilikuwa na utando mweupe chini. Mwingine angekimbia kupiga kelele. Yeye aliyasugua tena, akabadilisha makopo na kurudia kazi yote, ili mtu asije akasema kopo moja lilikuwa chafu. Utando ukayafuata maji ya mfereji. Ndipo alipomwita mama yake.

Nabwire alipitisha kidole ndani ya makopo yote mawili.

"Vaa viatu," alisema. "Twende kwa fundi."

Kwa Mama Kaltumi kulikuwa na wateja watatu. Nakhisa alimsalimu kwa heshima, akaweka makopo na koili mezani, akaeleza yote, tangu alipokataa kukiri kosa hadi alipochemsha maji. Hakuruka kitu, hata machozi yake. Mama Kaltumi alivaa miwani, akakwangua utando, akauliza swali moja tu.

"Makopo ulibadilisha?"

"Ndiyo, mara ya pili."

Mama Kaltumi aliivua miwani yake. "Maji yenu ni magumu," alisema. "Yana chokaa. Ukiyachemsha, hiyo chokaa inaganda kwenye koili kama blanketi. Joto linakosa pa kutokea, koili inajiunguza yenyewe. Nilikurupuka kusema. Nimekosea mimi, binti hana kosa."

"Hata wewe unakosea, Mama Kaltumi?" mteja mmoja aliuliza akicheka.

"Umesikia kwa masikio yako," alimjibu, wala hakuona haya. Kisha akamgeukia Nabwire. "Kila wiki kamua ndimu kwenye maji ya birika, yachemshe, acha saa moja, halafu suuza. Mvua ikinyesha, tumia maji ya mvua."

Nabwire alimshika Nakhisa mabegani. Machozi yalikuwa yanamlenga. "Nisamehe, mwanangu. Nilimwamini fundi, wewe nikakuona mwongo."

"Nimeshakusamehe, Mama," Nakhisa alisema.

"Sikiliza, binti yangu," Mama Kaltumi alisema. "Ulikataa kudanganya hata pale uongo ungekupa raha. Halafu hukuishia kulia, ukatafuta ushahidi. Shika hayo mawili. Na siku utakayokosea wewe, sema upesi, hata watu wakiwepo."

Akavuta kigoda karibu na meza yake. "Sasa kaa hapa nikuonyeshe koili inavyofungwa."

Nabwire, ambaye siku zote alikuwa na haraka, alikaa kwenye benchi la wateja akamngoja binti yake mpaka somo likaisha.