Hema Lisilopumua

Mtaa mzima ulimwita Sindano, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa mwembamba, mwenye ulimi mkali, na hakuna kitambaa kilichompita bila kuchomwa. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Kila asubuhi ilianza kunguruma kabla birika halijachemka. Alishona sare, mapazia na maturubai. Lakini kilichompa kiburi kilikuwa kimoja tu: mshono usiovuja.

"Mshono wangu," alipenda kusema, "hata pumzi ya sisimizi haipiti."

Asubuhi moja mlango ulisukumwa. Mume wake aliingia akitetemeka, buti zimejaa tope. Nyuma yake aliingia mdogo wake, kijana mrefu aliyelazimika kuinama mlangoni. Wote wawili walikuwa mafundi bomba. Jana yake walipanda mlimani na wenzao wawili kwenda kukarabati chanzo cha maji. Ukuta wa tangi lililoko kule juu ulikuwa umepasuka. Kazi ilikuwa ya siku tatu.

Sindano aliacha kukanyaga cherehani. "Mbona mmerudi? Mmelala usiku mmoja tu!"

"Baridi, mama watoto," mume wake alijibu. "Baridi ya kule ina meno."

"Shemeji, usiniulize mimi," yule mrefu alidakia. "Usiku kucha meno yangu yamepiga ngoma, na hakuna hata mmoja aliyecheza."

"Na turubai mlilokwenda nalo je?"

"Turubai lile?" Mume wake alikaa chini na kuanza kuvua buti. "Lina uzito wa ng'ombe, na vyuma vyake ni uzito wa ndama. Tumefika juu tumechoka hoi. Tukalisimamisha. Likaloa. Baridi ya ndani ikawa ndugu wa baridi ya nje."

Sindano alikwenda jikoni kuwatilia chai. Alifungua bomba. Maji yalitoka membamba kama uzi, yakakatika. Ndivyo yalivyokuwa mwezi mzima. Kiangazi kilikuwa kimebakiza wiki tatu kianze. Tangi lisipozibwa kabla ya hapo, mtaa mzima ungekauka.

Alirudi na vikombe, uso umekaza. "Nipeni wiki moja. Nitawashonea hema jepesi la watu wanne. Baridi ikiingia humo, nitavunja cherehani yangu!"

"Usiivunje," shemeji alisema. "Tutakula nini?"

Sindano alishona kwa siku sita. Alitafuta nailoni nyepesi isiyopitisha maji. Alipima, akakata, akashona kila mshono mara mbili, kisha akaupaka nta. Zipu ya mlango aliifunika kwa pindo pana. Chini alizungushia sakafu, akaishona pamoja na kuta. Lilipokamilika, hema lilibebwa kwa mkono mmoja. Mume wake alilinyanyua juu kama kofia, akacheka.

"Na joto?" akauliza.

"Joto hilo hapo," shemeji alijibu. Alikuwa ameshika jiko dogo la mkaa. "Tunaliwasha nje, likishika tunaliingiza ndani. Mshono wa shemeji hauvuji. Joto litatoka wapi?"

Siku ya saba, mchana, mvua ilinyesha, upepo nao ukavuma. Sindano alifurahi. Mtihani mzuri! Walisimamisha hema uani. Mafundi wote wanne waliingia na jiko lao, wakafunga zipu hadi mwisho. Sindano alibaki nje na mwavuli. Alizunguka hema akipitisha kidole kwenye mishono. Hakuna tone lililoingia.

"Vipi humo?" aliuliza.

"Raha!" shemeji alipaza sauti. Akaanza kughani shairi, maana alijiita malenga wa mabomba. Ubeti wa kwanza ulikuja kwa nguvu. Wa pili ulikuja polepole. Wa tatu uliishia katikati.

"Umesahau mistari, malenga?"

"Kichwa kinauma kidogo," sauti ilijibu. "Na usingizi... usingizi mtamu."

Sindano alitabasamu. Alidhani hema limewapendeza hata wakasinzia.

Wakati huohuo jirani yake alitokea kwenye pengo la ua. Alikuwa fundi bati, mwanamke mnene mwenye mikono ya chuma, aliyeitwa Bi Nyundo. Miaka thelathini alikuwa akitengeneza majiko na mabomba ya moshi. Yeye na Sindano walitaniana kila siku ya Mungu, wakiitana kwa kazi zao.

"Kitambaa!" aliita. "Mnafanya harusi ya nani humo?"

"Njoo uone kazi, Bati. Wanaume wanne na jiko la mkaa, na hewa haipiti hata chembe."

Bi Nyundo hakucheka. "Jiko la mkaa? Limo ndani? Limefungwa?"

Hakungoja jibu. Alichomoa mkasi wake wa bati kiunoni, akaukita kwenye mshono wa ukuta, akapasua hema kutoka juu hadi chini. Krrraaa!

"Mshono wangu!" Sindano alipiga ukelele. "Umeingiwa na wazimu? Siku sita zangu!"

"Shika miguu! Vuta!"

Ndipo Sindano alipomwona mume wake. Alikuwa ameegemea ukuta wa hema, macho nusu wazi, midomo imelegea. Alijaribu kusimama, magoti yakakataa. Shemeji alitambaa hadi kwenye mvua, akatapika. Wale wenzao wawili walitoka wakishikana kama walevi. Sindano alitupa mwavuli. Alimkamata mume wake kwapani, akamburuta hadi kibarazani penye hewa.

"Baba watoto! Niangalie! Unaniona?"

"Nakuona," alijibu kwa taabu. "Mpo wawili."

"Hapana, nipo mmoja. Nakutosha!" Machozi yalikuwa yakimtoka.

Waliwapeleka zahanati bila kupoteza muda. Waliwekewa hewa ya oksijeni puani. Mganga aliwaangalia mmoja mmoja, akawaambia wameponea chupuchupu. Wakabaki pale hadi vichwa vikapoa.

Kesho yake Sindano alikwenda mwenyewe kwenye karakana ya Bi Nyundo. Alibeba hema lililopasuka begani. Alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani.

"Dada, jana nilikutukana."

"Hukunitukana. Uliniita mwendawazimu, na mume wangu huniita hivyo tangu anioe. Kaa hapo." Bi Nyundo alisukuma kigoda. "Mkaa ulimchukua binamu yangu. Aliweka jiko chumbani, akafunga dirisha kwa sababu ya baridi. Hakuamka. Kwa hiyo mimi nikisikia mkaa ndani, mkono wangu hauniombi ruhusa."

"Lakini hakukuwa na moshi! Ningeona moshi, ningejua."

"Ndiyo hila yake hiyo. Moto usiopata hewa ya kutosha hutoa sumu. Inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala hukohoi. Inakuumiza kichwa, inakupa kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Mtu anadhani amechoka tu. Mkiona dalili hizo, wote mnatoka nje papo hapo, kisha mnakwenda kutibiwa. Hakuna cha kumalizia chai."

"Kwa hiyo wapande wakagande?"

"Nani kasema? Wawe na moto. Lakini uwe moto wa kuni, ndani ya jiko lenye bomba la kutolea moshi nje. Na hema lako lipumue. Lazima ulitoboe."

Sindano aliruka kama aliyekalia pini. "Nitoboe? Mimi? Maisha yangu yote naziba matundu!"

"Basi utatoboa kifundi. Hata shati lina tundu la kifungo, na hakuna anayesema limechanika."

Sindano alilitandaza hema sakafuni. Hapo alikuwa amekamatwa.

Kuanzia siku hiyo karakana iligeuka kiwanda cha watu wawili. Bi Nyundo alichukua mzani na kupima kila kitu.

"Mlimani kila kitu kifanye kazi mbili," alisema. "Kisichoweza, kibaki nyumbani. Hizi nguzo za chuma za nini?"

"Za kusimamishia hema."

"Mume wako hatembei na fimbo?"

"Anatembea nayo. Shemeji pia anayo."

"Fimbo mbili zikifungwa pamoja ni nguzo moja ya katikati. Vyuma vitupe."

Sindano naye alianza kuwaka. Aliiondoa sakafu yote. "Kila mtu ana mkeka wake wa kulalia. Na jiko likae juu ya udongo, siyo juu ya nailoni."

"Ahaa! Kitambaa ameamka!"

Bi Nyundo alikunja bati jembamba, akatengeneza kisanduku cha jiko chenye miguu mifupi. Njiani sufuria na vikombe vingekaa ndani yake. Bomba la moshi alilitengeneza kwa bati laini linaloviringishwa kama mkeka, kisha likabanwa kwa pete za waya. Juu kabisa aliweka kikofia cha wavu cha kunasa cheche.

"Nailoni ikiguswa na bomba la moto itayeyuka kama siagi," alionya.

Kwa hiyo Sindano alikata tundu la duara kwenye paa. Akalizungushia kitambaa kisichoshika moto, kile wanachojifunikia wachomea vyuma, na katikati Bi Nyundo akafunga pete pana ya bati. Bomba lilipita hapo bila kugusa nailoni. Jiko lenyewe waliliweka mbali na ukuta kwa urefu wa mkono mzima.

Kisha yakaja matundu ya hewa. Moja chini, karibu na ardhi, la kuingizia hewa safi. Jingine juu, chini ya kilele, la kutolea unyevu na hewa chafu. Sindano aliyashonea vifuniko vya kuzuia mvua, vilivyosimama wazi kama kope za macho. Aliyatarizi ukingo kwa uzi mwekundu.

"Uzi mwekundu wa nini?" Bi Nyundo aliuliza.

"Mtu asije akadhani ni makosa, akayaziba. Kofia ya mtu ndiyo huwa ya kwanza kusukumwa kwenye tundu."

Bi Nyundo alimtazama, akampiga bega. "Sasa umekuwa fundi."

Hema na jiko lake vyote viliingia kwenye mifuko miwili ya mgongoni. Walifanya jaribio uani, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi, kisha umefungwa. Safari hii Sindano aliingia pamoja nao. Bi Nyundo alining'iniza kidude kidogo cha betri kinacholia kikinusa ile sumu. Kilikaa kimya. Vijiti vikavu vya unene wa kidole gumba viliwaka vizuri, maji yakachemka, soksi zikakauka.

"Na wakati wa kulala?" Bi Nyundo aliuliza kama mwalimu.

"Moto unazimwa kabisa," mume wa Sindano alijibu.

"Na majivu yenye makaa?"

"Yanatoka nje, yanamwagiwa maji."

"Na matundu?"

"Hayazibwi!" waliitikia wote.

Shemeji akakohoa kidogo, akanyoosha shingo hadi kichwa kikagusa paa. "Malenga amepata ubeti wake," akasema, akaghani:

*Tundu la chini liwepo, hewa safi iingie,*
*Na la juu pia lipo, unyevu utukimbie,*
*Mkaa usiwe hapo, sumu isikuzidie,*
*Lala moto usiwepo, kesho nayo ikujie.*

"Leo umeumaliza," Sindano alisema. Hakuna aliyemcheka malenga.

Walipanda mlimani kesho yake. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Sindano alishona sare bila kuziona. Siku ya tatu alasiri alisikia kitu jikoni. Bomba lilikohoa, likatema hewa, likatema tope, kisha maji yakapiga ndoo kwa kishindo. Mtaani watoto walianza kupiga kelele, nyumba hadi nyumba. Sindano aliiacha ndoo ifurike.

Kesho yake mume wake aliingia. Hakuwa akitetemeka. Alinuka moshi wa kuni na soksi zake zilikuwa kavu.

"Baridi ilikujaje?" Sindano aliuliza.

"Ilikuja hadi mlangoni. Ikakuta wenyewe tunakunywa chai."

Habari zilienea. Wiki iliyofuata walikuja wafuga nyuki watatu wanaolala msituni. Mmoja wao aligeuzageuza hema lile, akaingiza kidole kwenye uzi mwekundu.

"Mama, kazi nzuri. Lakini mbona hapa pana tundu?"

Sindano alisimamisha cherehani. Upande wa pili wa chumba mume wake alikuwa akifunga kamba za buti na kuimba vibaya.

"Hilo?" alisema. "Hilo ndilo nililolishona kwa uangalifu kuliko yote. Mnisikie vizuri, nitawaeleza kwa nini. Kaeni."