Ratiba Iliyokatwa Mwaka

Kila asubuhi Akoth na rafiki yake Soipan walifagia darasa la saba katika shule yao ya msingi mjini Kitengela. Soipan alifagia hadi pembeni. Akoth alipitisha ufagio katikati tu, kisha akatangaza, “Nimemaliza!” Mdomo wake ulikuwa na haraka kuliko mikono yake.

Mwaka huo wa 2000 kiangazi kilikuwa kimeua ng’ombe wengi. Kaka zake Soipan walikuwa wamehamisha waliobaki, na mama yake aliachwa peke yake nyumbani kwao Bisil.

“Yeyo ameniita nyumbani nimsaidie,” Soipan alisema, akimtaja mama yake kwa Kimaasai, huku ameegemea ufagio. “Naenda Jumatatu, na sijui kama nitarudi shule. Lakini Jumamosi nitaona mchezo kwanza.”

Jumamosi hiyo chama cha maigizo cha shule kingeenda Nairobi, kwenye jumba la maigizo. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuona jukwaa la kweli. Kwa kuwa Bwana Ojwang, baba yake Akoth, alifanya kazi karibu na jumba hilo, Mwalimu Wanjira alikuwa amempa Akoth kazi: amwombe baba asome ratiba iliyobandikwa mlangoni na amuulize bawabu historia ya jumba.

Akoth alisahau. Siku ya kutoa ripoti ilipofika, alipekua sanduku la baba akapata ratiba ya jumba lilelile, ambayo baba alikuwa ameitunza kwa miaka kadhaa. Iliandikwa: Mchezo wa watoto, kila Jumamosi, saa nne asubuhi. Juu palikuwa na mwaka, 1994. Akoth alichukua makasi akaukata, kisha akaipeleka ratiba shuleni.

“Baba amehakikisha?” Mwalimu Wanjira aliuliza.

“Ndiyo, mwalimu. Ameuliza kila kitu.”

Jumamosi Soipan alivaa shanga zake zote za sikukuu. Walipofika, walikuta gari lililopambwa kwa riboni mbele ya jumba, na ndani watu wakiimba nyimbo za harusi.

“Mchezo wa watoto?” bawabu, Mzee Hiram, alishangaa. “Huo uliisha kitambo, mwalimu. Hapa palikuwa ghala la mahindi kabla ya uhuru, halafu pakawa jumba la maigizo. Hata juzi juzi, miaka ya tisini ikianza, foleni ilifika barabarani. Halafu waigizaji wakaenda kutafuta riziki kwingine. Sasa Jumamosi ni harusi, Jumapili ni ibada. Mchezo umebaki ule wa Alhamisi alasiri peke yake.”

Mwalimu Wanjira alimgeukia Akoth, na wanafunzi wote wakamtazama. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho.

“Sikumwambia baba,” alisema akilia. “Karatasi ilikuwa ya zamani. Nilikata mwaka.”

Mzee Hiram aliwahurumia. “Kujeni Alhamisi. Nitawawekea nafasi.”

Wanafunzi walishangilia, wote isipokuwa mmoja.

“Alhamisi mimi niko Bisil,” Soipan alisema. Alimtazama Akoth. “Kwani ungesema tu umesahau, ingekuwa nini?”

Safari yote ya kurudi Soipan alikuwa akivua shanga, moja moja, akizitia mfukoni. Akoth alitamani ardhi ipasuke immeze. Jumatatu alifagia darasa peke yake, na hakuna aliyemsaidia.

Alhamisi walikwenda wakaona mchezo. Wenzake walicheka hadi machozi, lakini Akoth aliketi kando ya kiti kitupu na hakuweza kucheka.

Kesho yake Mwalimu Wanjira alimpa karatasi na kalamu.

“Dereva wa basi la Namanga, linalopita Bisil, atampelekea Soipan barua,” alisema. “Kusema ‘nimesahau’ kungekuletea aibu ya dakika moja, Akoth. Uongo wako umemnyima mwenzako siku ambayo mimi siwezi kuirudisha, wala wewe. Sasa mwandikie ulichokiona jana. Usipunguze, na usiongeze hata neno.”

Akoth aliinama. Juu kabisa ya karatasi, kabla ya salamu, aliandika tarehe.